Seramiki Inafia Kwenye Ndoo

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi hapa Arusha, mbele ya madereva wa utalii, wenye magari binafsi na vijana wa kawoshi. Wengi mlikuwa porini na wageni, mkaomba niyaweke yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno nimeyaweka kama yalivyotoka.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Ndugu madereva, poleni na barabara. Na ninyi machalii wa kawoshi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, mambo vipi? Sogeeni mbele. Nasema kweli, sogeeni. Mazungumzo ya leo ni yenu kuliko ya wenye magari, kwa sababu mwenye gari ndiye anayelipia seramiki, ule utando unaopakwa juu ya rangi ya gari, lakini mwenye kuamua kama itadumu miezi au miaka ni yule anayeshika kitambaa.

Nianze na swali. Gari lililopigwa seramiki linaharibikia wapi?

Nawasikia. Huyu anasema barabara ya Loliondo. Yule anasema vumbi la Simanjiro. Mama pale anasema jua. Yote yana ukweli wake. Lakini mimi nasema linaharibikia kwenye ndoo. Linaharibikia kwenye kitambaa. Linaharibikia saa 12 asubuhi, ndani ya geti, likiwa limesimama na halijaenda popote.

Kabla sijaeleza kwa nini, tuelewane kuhusu kitu chenyewe, maana kimesemwa mengi. Bati la gari lina praima, ile rangi ya kwanza ya chini, juu yake rangi yenyewe, juu ya rangi klia, lile tabaka angavu la mwisho. Rangi ya kiwandani, ukijumlisha tabaka zote, kwa kawaida ni kama mikroni 100 hadi 150, na klia peke yake ni kama 40 hadi 50. Mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Sasa seramiki ni kimiminika chenye asili ya silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga na kioo, kilichotengenezwa ili ukikipaka kishikane na klia na kigande juu yake. Kikishaganda, unene wake ni mikroni 1 au 2, mara nyingi hata chini ya hapo. Unywele wa kichwani mwako ni kama mikroni 70. Nambieni, ndugu zangu, utando mwembamba kiasi hicho utazuia jiwe lililorushwa na lori la mbele yako pale Longido?

Hautazuia. Na hili nalisema wazi kwa sababu kuna dereva mmoja, kijana mstaarabu tu, alikuja kwangu na Prado nyeupe, boneti imedonolewa na mawe mpaka praima inaonekana. Alikopigia seramiki aliambiwa gari lake limekuwa gumu la 9H, halichubuki. Akaondoka hapo na imani. Akawa anamfuata kwa karibu kila aliye mbele yake kwenye barabara ya kokoto, maana gari si limekuwa chuma juu ya chuma? Baadaye akataka kurudishiwa fedha, na wenzake wakamcheka. Mimi sikumcheka. Aliuziwa neno ambalo hakuna aliyemweleza.

Hiyo 9H ni ya penseli. Ndiyo, penseli za kuchorea. Kuna kipimo cha kusukuma penseli juu ya rangi iliyokauka na kuona ipi inaiumiza. Laini zinaitwa B, ngumu zinaitwa H, na 9H ndiyo ngumu ya mwisho katika kipimo hicho. Kwa hiyo 9H maana yake ni kwamba penseli ngumu haikuichora. Basi. Ninyi mnaouza mawe hapa mjini mnakijua kipimo kingine, kile alichokiweka Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, cha kuanzia 1 mpaka 10, almasi ikiwa juu kabisa. Tanzanaiti yetu ya Mirerani iko kati ya 6 na 7. Kwazi, yale mawe meupe yanayosagika na kuwa mchanga, ni 7. Mchuuzi wa tanzanaiti hawezi kufuta jiwe lake kwa kitambaa chenye vumbi, anajua vumbi lina kwazi na litalikwaruza. Sasa kama vumbi linaitisha tanzanaiti, seramiki ni nani?

Nasikia mtu anauliza, kama haizuii jiwe, tunalipia nini?

Swali zuri. Unalipia urahisi wa kuosha. Maji hayatandazi, yanajikusanya matone na kuteremka. Matope hayapati pa kushika. Mavi ya ndege yanachelewa kuifikia klia, kwa hiyo unapata saa kadhaa za kuyatoa. Mionzi ya jua, ambayo kwetu hapa karibu na ikweta na juu mlimani haina huruma, inaanza na seramiki kabla ya kuifikia rangi. Lakini kubwa kuliko yote ni hilo la kwanza: uchafu unatoka bila kusuguliwa. Ukipiga seramiki halafu ukaendelea kusugua gari vile vile ulivyokuwa ukisugua zamani, umenunua nini?

Jambo la pili, subira baada ya kupiga seramiki, nitalipitisha haraka. Mnamjua ndugu yetu Mchaga ifikapo Desemba. Anatoka Dar es Salaam kwenda nyumbani Kilimanjaro, "kuhesabiwa" na ndugu zake. Na gari la kwenda kuhesabiwa haliendi hivi hivi, lazima ling'ae mpaka jirani aulize. Basi kaka mmoja wa Rombo alipiga seramiki jioni, akaikabidhi familia viti, alfajiri akaondoka. Zaidi ya kilomita 500. Njiani mvua. Kufika nyumbani, akaegesha chini ya mparachichi, watoto wakapanda juu ya boneti, shangazi akaweka ndizi juu ya buti. Siku ya pili yake kijana wa nyumbani akaona gari lina tope, akaliosha kwa sabuni ya unga. Januari kaka yule ananipigia simu: fundi, hii kitu ni utapeli.

Utapeli uko wapi? Seramiki mbichi inataka kukaa. Saa 24 za mwanzo isiguswe na maji hata tone, na zinazouzwa nyingi zinataka kama siku 7 kabla ya sabuni yoyote. Kukomaa kabisa kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Soma maelekezo ya ile uliyopigiwa, maana hazifanani. Mwenye safari ya Desemba apige Novemba mwanzoni. Mangi, nakuangalia wewe.

Sasa nije kwenye geti.

Ofisi nyingi za hapa mjini, na nyumba nyingi za Njiro na Sakina, zina mlinzi. Mlinzi huyu ni mtu mwema. Amekesha kwenye baridi, bosi bado amelala, na yeye anataka bosi akitoka akute gari linang'aa. Hakuna aliyemtuma. Anachukua kitambaa, mara nyingi fulana ya zamani, na anaanza kufuta. Kavu. Boneti, milango, paa, mpaka kwenye vioo. Akimaliza anakikung'uta kile kitambaa ukutani na kukihifadhi kwenye kibanda chake kwa kesho.

Nani hajaona hilo? Nyosheni mikono. Hakuna.

Kuanzia Juni mpaka Septemba usiku wetu una baridi na umande, mchana una vumbi. Vumbi linakaa juu ya gari, umande unaligandisha, asubuhi linakuwa tope jembamba lisiloonekana. Kile kitambaa kikishalibeba kinakuwa msasa. Mlinzi anapiga msasa gari la bosi siku 6 kwa wiki, kwa upendo. Gari jeusi utaliona likipigwa jua saa 4: mikwaruzo myembamba inazunguka taa na jua kama mtu ameichora. Seramiki ilikuwa pale juu, mikroni 1 yake. Ndiyo iliyoliwa kwanza.

Dada mmoja mhasibu alinileta mpaka kwake nikamweleze mlinzi wake, mzee wa makamo. Yeye mwenyewe aliona aibu kumwambia, maana mzee anafanya kwa heshima. Nilimwamkia, tukakaa. Sikumwambia anaharibu. Nilimwomba apitishe kidole chake juu ya boneti, halafu asugue kidole hicho na kidole gumba karibu na sikio. Akasikia. Kunakwaruza. Akanitazama akasema, "Kumbe ni mchanga." Tangu siku hiyo anafungulia bosi geti, gari na vumbi lake, na hakuna aliyeudhika. Kwa hiyo ninyi wenye magari, msianze na ukali. Na msianze na kununua dawa. Anzeni na kumkalisha chini mlinzi wenu, na shemeji, na kijana wa nyumbani. Gari lenye vumbi kavu halifutwi. Halifutwi kwa fulana, halifutwi kwa yale manyoya yanayouzwa kwenye mataa, halifutwi kwa kitambaa kizuri cha maikrofaiba. Halifutwi. Linasubiri maji.

Maji yakija, yanakuja vipi? Hapa machalii ndipo nawataka.

Kwanza kivulini, na bodi iwe imepoa. Gari limetoka Karatu sasa hivi, boneti inachoma mkono, na wewe umeshamimina sabuni. Inakauka kabla hujafika mlango wa nyuma. Acha lipoe. Halafu maji matupu ya presha kutoka juu kwenda chini, pua ya mashine ikae mbali na bodi, sentimita 30 au zaidi, mpaka mchanga wote ulegee na uteremke. Hapa ndipo seramiki inapokulipa. Gari lililotunzwa, nusu ya kazi na zaidi inaishia kwenye hatua hii, bila mkono wako kugusa kitu. Ukiwa na povu la kupulizia, lipulize, liache dakika chache, lisuuze. Bado hujagusa.

Sasa ndipo unagusa. Na unagusa kwa ndoo mbili. Moja ina shampoo ya gari, ile isiyo kali, yenye pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, karibu na 7. Nyingine ina maji matupu. Kitambaa kinaingia kwenye sabuni, kinapita sehemu moja ya bodi, kinaingia kwenye maji matupu kikasuuzwe, ndipo kinarudi kwenye sabuni. Paa kwanza, vioo, boneti, milango ya juu, mwisho kabisa sehemu za chini kule kwenye matope. Rimu zina kitambaa chake na ndoo yake, na kisikutane na cha bodi hata siku moja, kwa sababu vumbi la breki ni chuma.

Najua mnachosema moyoni. Fundi, mteja anaacha fedha kidogo, magari 7 yako foleni, nani ana muda wa ndoo mbili? Nami nawauliza, lile dodoki moja kwenye ndoo moja, maji yamekuwa rangi ya udongo tangu gari la tatu, linawapunguzia dakika ngapi? Ndoo ya pili inakula maji kidogo na dakika chache. Na mteja wa seramiki mwambieni bei yake ni tofauti. Atalipa. Aliyelipia seramiki hashindwi kulipia ndoo ya maji. Kinachomshinda ni kutokuambiwa.

Sabuni ya unga ya kufulia, hapana. Ni kali upande wa alkali, kinyume cha asidi, pH yake inafika 10 na kupita, na silika ni moja ya vitu ambavyo alkali kali inavila polepole. Hutaona kwa mara moja. Utaona baada ya miezi. Na mafuta ya taa ya kutoa lami, au dizeli ya kung'arisha bodi, sina hata la kuongeza. Inang'aa kwa sababu ina mafuta, na mafuta yanakusanya vumbi la njia nzima kutoka hapa mpaka Makuyuni.

Vitambaa navyo. Maikrofaiba ifuliwe peke yake, bila kile kimiminika cha kulainisha nguo, maana kinaziba nyuzi zake. Isianikwe kwenye nyasi wala kwenye senyenge. Na ikianguka chini, imeanguka. Hata kama umeikung'uta. Hiyo sasa ni ya rimu.

Tumeelewana? Tumeelewana. Tuje kwenye maji, na hapa niwaombe mnisikilize sana kwa sababu haya hamtayakuta kwenye maelekezo ya chupa yaliyoandikwa Ujerumani au Japani. Haya ni ya kwetu.

Mama mmoja anakaa upande wa Usa River. Ana Harrier nyeusi, ana kisima chake, na ni mtu wa usafi. Alikuwa haendi kawoshi kwa sababu haziamini. Analiosha gari mwenyewe na binti yake, shampoo nzuri, vitambaa vizuri, kila kitu kama nilivyowaambia. Kisha wanaliacha likaukie juani wakaandae chai. Miezi michache, gari likajaa mabaka meupe ya duara, paa na boneti, kila tone lilipokaukia limeacha alama yake. Alilia. Alidhani seramiki imechubuka.

Mabaka yale yalikuwa ni maji. Ninyi wa Maji ya Chai, wa Ngurdoto, wa Meru yote, mnajua maji yetu. Floridi yake inawatia watoto meno ya kahawia, na kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Lakini floridi haisafiri peke yake. Maji yaliyokaa kwenye miamba ya volkano yanabeba bikabonati ya sodiamu, yanabeba na silika iliyoyeyuka. Tone likikauka, maji yanapaa, mzigo unabaki. Na seramiki hapa inakuwa mtego kwa mwenyewe, kwa sababu inayafanya maji yasimame matone badala ya kutandaa. Tone moja nene, mzigo wote mahali pamoja, jua la saa 6 juu yake.

Zile chumvi za kabonati, ukiziwahi, zinatoka. Siki nyeupe kiasi, maji safi kiasi hicho hicho, kitambaa chenye unyevu juu ya baka kwa dakika moja au mbili, kivulini, halafu suuza kwa maji mengi. Silika haijali siki. Ikishashika, umebakiwa na polishi, na polishi ya kweli inaondoa mikroni kadhaa za klia, kwa hiyo seramiki ya mikroni 1 inaondoka ya kwanza. Yule mama tuliyaokoa ya milango kwa siki. Paa tulipiga polishi na kupaka upya, na hiyo ndiyo gharama ya kuliacha gari juani kwa ajili ya kikombe cha chai.

Kwa hiyo gari lenye seramiki halikaukii juani. Halikaukii. Lifute kwa taulo kubwa la maikrofaiba, unalitandaza na kulivuta taratibu bila kukandamiza, au lipulize upepo kama mnayo mashine. Mwenye tangi la maji ya mvua, tumia hayo kwenye kusuuza kwa mwisho. Maji ya mvua hayana mzigo. Masika inatupa bure, na kila nyumba ina bati. Na wenye bustani, geuzeni ile mashine ya kumwagilia maua isirushe kwenye gari kila jioni. Nimeona magari mengi yaliyoharibiwa na bustani kuliko yaliyoharibiwa na pori.

Pori lenyewe lina jambo moja nitakalolitaja, kwa ajili ya madereva. Ukishuka Kreta ya Ngorongoro na upepo ukavuma upande wa Ziwa Magadi, lile vumbi jeupe unalorudi nalo ni magadi. Kavu halina madhara makubwa. Lakini unapanda ukingoni, kuna ukungu na baridi, vumbi linalowa, na sasa una alkali imetandazwa juu ya gari mpaka mjini. Usilale nalo. Hata kama umechoka, mwaga maji matupu Karatu. Maji matupu tu, usifute, kesho utaosha.

Kunguru na wenzake vivyo hivyo. Mavi yao yana asidi, na juani yanaoka. Usiyakwangue kwa ukucha wala kwa tiketi ya maegesho. Yaloweshe, yasubiri yalainike, yanyanyue. Oktoba na Novemba mijakaranda ikichanua mji unapendeza, ila maua yakianguka juu ya gari na kulowa yanaoza hapo hapo na kuacha doa. Egesha kwingine, au yaondoe siku hiyo hiyo.

Nifike kwenye jambo ambalo litawaudhi baadhi ya wenzangu wa kazi. Mtanisamehe.

Mzee mmoja wa Moshi, mfanyabiashara, alikuja na Alphard. Baada ya masika maji yalikuwa hayafanyi matone tena, yanalala kwenye bodi. Mahali fulani alikopita kabla yangu aliambiwa seramiki imekufa, ipigwe polishi yote na kupakwa upya, na bei akatajiwa. Alikuwa tayari kulipa. Nikamwambia, mzee wangu, kabla hatujazika tupime kwanza kama mgonjwa anapumua. Tukaliosha. Tukapulizia dawa ya kuyeyusha chuma, ile ukiipulizia vipande vya chuma vya breki vinageuka zambarau na kuchuruzika. Ubavu wote ulichuruzika zambarau, wajukuu wake wakashangaa. Tukasuuza, tukapitisha shampoo yenye nguvu kidogo ya kutoa moshi na mafuta ya barabarani. Tukasuuza tena. Maji yakaanza kukimbia kwenye milango kama siku ya kwanza.

Seramiki ilikuwa hai. Ilikuwa imezibwa. Moshi wa malori, vumbi la breki, mafuta ya lami, vyote vinatandaa juu yake, na maji yanakutana na uchafu badala ya kukutana nayo. Mzee alilipa kuoshewa tu. Jamaa zangu msinune. Mteja aliyelipa kuosha leo atarudi, na yule aliyepigwa polishi bila sababu mara mbili atabaki bila klia, atauza gari na kuwatukana ninyi nyote pamoja nami.

Sasa, kuna zinazokufa kweli. Utajuaje? Osha kwa kina kama nilivyosema, halafu mwaga maji. Angalia paneli moja moja. Mara nyingi boneti na paa ndizo zinatangulia, kwa sababu ndizo zinazopigwa jua mchana kutwa, na milango inabaki nzima muda mrefu. Kwa Alphard ya yule mzee paa lilikuwa limechoka kweli. Hapo haikuhitajika kuvua seramiki ya gari zima. Ipo dawa ya silika ya kupulizia na kufuta, nyepesi, ya kuongezea nguvu. Kila miezi 3 au 4, baada ya kuosha vizuri, pulizia, sambaza, futa kwa kitambaa cha pili kikavu. Hii ndiyo inayovaa na kuliwa badala ya ile ya chini. Kwa gari la porini ningesema isikose kupigwa kabla ya msimu wa wageni wa Juni na tena kabla ya vuli. Kwa gari la mjini linalolala gereji, hata mara mbili kwa mwaka halijapungukiwa.

Na tafadhali, usikubali mtu akupige polishi "kidogo tu" kila akiosha gari. Hakuna kidogo tu. Kama chupa ina chembe za kusugua, inasugua. Uliza kabla hajafungua kifuniko.

Jambo la kando, kwa vijana mnaooshea pembeni ya Themi na mito mingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli kama hizi ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Najua mnajua. Najua pia maji ya bomba yanalipiwa. Lakini ile dawa ya chuma na lami niliyoisifia hapa haina kazi mtoni, kuna watu wanachota chini kule.

Wenye magari, nawaomba kitu kimoja mkifika nyumbani. Chukueni karatasi, andikeni: seramiki gani, imepigwa lini, tabaka ngapi, na mara ya mwisho kuongezewa nguvu ni lini. Iwekeni kwenye droo ya gari pamoja na bima. Nusu ya wanaokuja kwangu hawajui kilichopakwa kwenye gari lao, nami nisipojua nabahatisha.

Nje kuna Noah ya mwenyeji wetu, imetoka Mto wa Mbu jana na haijaguswa, nimeomba hivyo kwa makusudi. Ndoo mbili zipo, maji ya mvua yapo. Machalii, ninyi ndio mtakaoosha, mimi nitasimama pembeni. Wenye maswali ya bei tuonane baada ya hapo, bei siisemi kwenye kipaza sauti.